Pancha ya Mpemba

Dereva akijisifu kwamba alibadili tairi kwa dakika kumi pale Mpemba, usimuulize alitumia jeki gani. Muulize alisimama wapi.

Naanza na swali hilo kwa sababu kubadili tairi la gari dogo ni kazi nyepesi kuliko tunavyoiogopa. Nati nne au tano, jeki moja, spana moja, jasho kidogo, basi. Mtu mwenye nguvu za kawaida anaiweza, awe mwalimu, muuguzi au mama anayetoka kununua nguo za dukani kwake Tunduma. Kinachoumiza watu kwenye barabara hii yetu mara nyingi ni lori linalokuja nyuma wakati wewe umechuchumaa pembeni ya gurudumu, mgongo umeuelekeza barabarani, unahangaika na nati ya tatu. Tairi lenyewe lilikuwa shida ndogo.

Kwa anayenisikiliza kutoka mbali nipaeleze mahali penyewe. Ukitoka Mbeya unapita Mbalizi, unapita Mlowo, unaiacha Vwawa yalipo makao makuu ya mkoa wetu wa Songwe, na kabla hujaingia Tunduma mjini unaikuta Mpemba. Hapo kuna mizani ya TANROADS. Hapo hapo kuna njia panda ya kwenda Ileje, ile ya Mpemba hadi Isongole, mpakani na Malawi. Na hapo hapo, siku mpaka ukizidiwa, unaikuta foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia. Kuna matanka ya mafuta, kuna makontena, na upande wa pili yanakuja yaliyobeba shaba kutoka Zambia na Kongo kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 na kimerahisisha mambo, lakini foleni bado tunaijua. Lori likisimama upande mmoja, magari madogo, mabasi, bajaji na bodaboda wote wanagombania nafasi iliyobaki. Sasa gari lako linapata pancha katikati ya nafasi hiyo iliyobaki.

Utajuaje? Tairi la mbele likiisha upepo, usukani unakuwa mzito na gari linavuta upande mmoja, kulia au kushoto. La nyuma likiisha, gari linayumba matakoni, kama linataka kukaa chini. Likipasuka ghafla utasikia mlio, na hapo ndipo mguu wa wengi unapokimbilia breki. Usikanyage. Shika usukani kwa mikono miwili, nyoosha gari, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, acha mwendo ufe wenyewe. Breki ya ghafla kwenye tairi lililopasuka inageuza gari, na ukigeuka Mpemba unageukia kwenye tela la mtu.

Mwendo ukishapungua, washa taa za hazadi na utafute pa kusimama. Sehemu hii wengi tunaikosea kwa huruma. Tunaionea huruma rimu. Tunasimama pale pale lilipotobokea, hata kama ni juu ya mkunjo, hata kama ni mita chache kutoka malori yanapotokea mizani kuingia barabarani, kisa tairi lisiharibike, rimu isipinde. Ndugu yangu, rimu inauzwa. Tunduma rimu zimepangwa barabarani, mpaka za mtumba kutoka Japani. Tambaa na tairi lako bovu, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, mpaka upate mahali pa usawa, pagumu, palipojitenga na lami. Ukiwa karibu na njia panda ya Isongole, ingia huko, toka kabisa kwenye barabara kuu. Ukiona uwanja wa kituo cha mafuta, ingia. Tairi likifa kwa kutambaa mita mia tatu, umenunua maisha kwa bei ya tairi la mtumba.

Abiria washuke. Washuke upande wa shamba, si upande wa lami, na wakae mbali na gari, mbele yake na pembeni kabisa. Nimeshaona mara nyingi familia nzima imejipanga nyuma ya buti, watoto wanachungulia baba anavyofanya kazi. Lori likikosea njia, kitu cha kwanza linachokigonga ni hao walio nyuma.

Halafu ile pembetatu nyekundu inayong'aa, ambayo wengi tunaijua siku ya trafiki tu. Iweke nyuma ya gari, mbali. Ngoja tupige hesabu kidogo. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa linameza mita 22 kila sekunde. Ukiiweka pembetatu mita 50 nyuma, umempa dereva sekunde mbili na kitu. Sekunde mbili za kuona, kuelewa, kuamua na kuanza kufunga breki za gari ambalo pamoja na mzigo linaweza kufika tani 56, ambazo ndizo ukomo wa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Hazitoshi. Hesabu hatua mia moja ukitembea pembeni, na kama kuna kilima au kona nyuma yako, pembetatu iende mpaka kabla ya kilima chenyewe, ili dereva aione kabla hajakuona wewe.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo madereva wa malori hawatalipenda. Mila ya kukata matawi na kuyapanga barabarani ni njema, imeokoa wengi kabla pembetatu hazijawa za kawaida. Mila ya kuweka jiwe kubwa nyuma ya gurudumu nayo ina maana, maana tela lenye mzigo haliaminiki kwenye mteremko. Ubaya ni kwamba gari likishapona, dereva anawasha, anaondoka, na jiwe linabaki kwenye lami. Usiku mwenye bodaboda analikuta. Utingo yupo, ana mikono miwili, anashindwaje kulisukuma jiwe pembeni kabla hajadandia? Wangapi wameanguka kwa mawe ya namna hiyo siwezi kukutajia, lakini mtu yeyote anayeendesha kati ya Vwawa na Tunduma usiku ameshalikwepa moja.

Haya, umesimama pazuri, watu wako salama, pembetatu iko mahali pake. Kilichobaki ni kazi ya mikono, na kazi hiyo mpangilio wake ukiujua inakwenda yenyewe.

Vuta handbreki. Gari la gia za mkono liweke gia ya kwanza, la otomatiki liweke P. Tafuta jiwe, ulitie kwenye gurudumu lililo kinyume na lile bovu: kama bovu ni la mbele kushoto, jiwe liende la nyuma kulia. Toa vifaa na spea kabla ya kupandisha gari, maana ukishalipandisha hutaki kulitikisa kwa kuvutavuta vitu ndani ya buti.

Sasa sikiliza vizuri: nati zinalegezwa gari likiwa bado chini. Hili ndilo linalowatesa wanaojifunza peke yao. Wanainua gari, wanashika spana, wanavuta, gurudumu linazunguka hewani, wanazunguka nalo. Gari likiwa chini, ardhi ndiyo inayokushikia gurudumu. Nati inalegea kuelekea kushoto, kinyume na saa. Weka mpini wa spana ulale upande wa kushoto, halafu usivute kwa mikono. Kanyaga kwa mguu, uzito wako wote, taratibu. Ikigoma, chukua bomba la chuma uchomeke kwenye mpini ili uwe mrefu zaidi. Nati zetu nyingi zinagoma kwa sababu zilikazwa na mashine ya upepo kwa fundi, na mashine ile haina huruma. Ndiyo maana binafsi nikienda kwa fundi namwomba amalizie kwa spana ya mkono. Mwingine ananuna. Anune, nati ni zangu, na siku ya shida nitazifungua mimi.

Legeza kila nati nusu mzunguko tu, usiitoe. Ndipo upige jeki. Chini ya kingo ya mlango, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele na mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, ukipapasa kwa kidole utagusa mikato miwili kwenye bati. Jeki inakaa katikati ya mikato hiyo. Ukiiweka penginepo utatoboa sakafu ya gari au gari litateleza. Na masika yetu ya huku mnayajua, kuanzia Novemba mpaka Aprili pembeni ya barabara ni tope jekundu. Jeki kwenye tope inazama badala ya kuinua. Dawa yake ni kipande cha ubao, upana wa sahani, kikae kwenye buti mwaka mzima. Hicho kipande cha ubao hakiuzwi dukani pamoja na gari, na kwa maoni yangu kina thamani kuliko nusu ya vikorokoro vinavyouzwa kwenye maduka ya vipuri.

Pandisha mpaka tairi liachane na ardhi na nafasi ibaki ya kutosha, maana spea yenye upepo ni nene kuliko bovu lililolala. Kabla ya kutoa nati, lisukume tairi la spea chini ya gari, lilale pale karibu na jeki. Jeki ikiponyoka, gari litaangukia spea, si mguu wako. Ukishatoa bovu, badilishana: bovu linaingia chini, spea inatoka. Mkono au kichwa kisiingie chini ya gari hata kwa sekunde moja. Nati zitie kwenye kofia yako au kwenye kifuniko cha gurudumu, ila majanini usiziweke. Nati moja ikipotea kwenye majani ya Mpemba utaitafuta mpaka mahindi yavunwe.

Spea ikishakaa, nati zinarudi ule upande uliochongoka kidogo ukiangalia ndani, kwenye rimu. Kaza kwa mkono kwanza, zote, kisha kwa spana kidogo, ukiruka: ya juu, kisha ya chini iliyo mkabala, kisha ya pembeni. Usizifuate kwa mzunguko, gurudumu litakaa upande. Shusha gari, na likiwa chini ndipo uzikaze kwa nguvu zote, kwa mpangilio ule ule wa kuruka. Ukifika Vwawa au Mlowo, simama tena uzijaribu. Nati za gurudumu lililowekwa upya hulegea kidogo baada ya mwendo, na gurudumu linalochomoka mteremkoni halina msamaha.

Yote hayo, kwa mtu aliyeyafanya mara mbili tatu nyumbani kwake, ni robo saa. Kwa asiyewahi kuyafanya ni saa mbili na ugomvi na mkewe. Kwa hiyo ninachowashauri madereva wapya ni hiki: Jumamosi moja, gari likiwa uani, badili tairi zima bila sababu yoyote. Ndipo utakapogundua spana iliyokuja na gari haiingii kwenye nati, kwa sababu aliyekuuzia alibadili rimu. Utagundua pia kama rimu zako zina nati ya kufuli inayohitaji ufunguo wake wa pekee, na ufunguo huo haupo. Pengine utakuta jeki ni ya gari lingine, au spea yenyewe haipo. Baadhi ya magari madogo yanayoshushwa kutoka Japani hayakuwekewa spea tangu kiwandani. Yamewekewa chupa ya dawa ya kuziba na kikompresa kidogo cha kuchomeka kwenye plagi ya kiberiti. Mtu anakaa na gari miaka mitatu, anafungua zulia la buti siku ya pancha, anakuta chupa iliyokwisha muda wake.

Kuna na ile spea nyembamba, inayofanana na tairi la pikipiki. Hiyo ni ya muda tu. Ubavuni imeandikwa ukomo wa mwendo, kilomita 80 kwa saa, na upepo wake ni mwingi sana, psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Fundi asiyejua anaijaza 30 kama tairi jingine, nawe unaondoka nayo imelegea. Na wapo wanaoifunga Tunduma wanafika nayo Iringa. Hiyo ni kamari.

Barabara hii, ndugu msikilizaji, imekula matairi tangu enzi. Novemba 1965 utawala wa walowezi wa Ian Smith ulipojitangazia uhuru kule Rhodesia, njia ya kusini ya mafuta ya Zambia ikaziba. Mafuta yakaanza kupita kwetu, kwa mapipa juu ya malori, kutoka Dar es Salaam, kupanda Iringa, Mbeya, mpaka Tunduma, na malori yakarudi na shaba. Haikuwa lami. Ilikuwa vumbi la kufunika taa wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua, na madereva wa Kizungu waliibandika jina lenye jehanamu ndani yake. Bomba la TAZAMA likaanza kusukuma mafuta mwaka 1968, reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975, na barabara nayo ikatiwa lami. Wazee waliokuwa matingo zama hizo walikuwa wanatoa tairi la lori kwenye rimu kwa nyundo na vyuma viwili, wanaziba tyubu kando ya moto, wanajaza upepo kwa pampu ya mkono, zamu kwa zamu. Tyubu ikishindikana kabisa, tairi lilishindiliwa majani ili lifike kijiji cha mbele. Siwashauri mkafanye hivyo. Nawakumbusha tu kwamba waliopita hapa walikuwa na shida kubwa kuliko nati iliyogoma.

Matairi yenyewe ya hewa hayana umri mkubwa. John Boyd Dunlop aliyatengeneza Belfast mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Gurudumu la akiba likaja mwaka 1904, kutoka kwa ndugu wawili wa Llanelli, Wales, kwa sababu magari ya mwanzo yalikuwa yanatoboka kila mara na yalikuwa hayana la kubadili. Hapa kwetu kiwanda cha General Tyre pale Arusha kilitupa matairi yetu wenyewe kwa miaka mingi, mpaka kikasimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Tangu kisimame tunaendeshea matairi ya kuagiza, mapya na ya mtumba, na suala la mtumba nitalirudia.

Twende kwanza kwa fundi pancha, maana ukishafunga spea safari haijaisha. Ukiendelea bila spea, pancha ya pili ndiyo itakayokulaza njiani.

Pale Mpemba na kando yote ya barabara mpaka Tunduma wapo. Utawajua kwa tairi bovu lililosimamishwa barabarani kama bango na kwa kompresa inayonguruma. Anakuja mama na Noah yake, tairi liko nyuma. Kijana anafuta mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tairi limeisha upepo toka asubuhi, niangalizie."

Kijana analijaza upepo kwanza, analilaza kwenye beseni la maji, analizungusha polepole. Maji yametulia, yametulia, kisha mapovu madogo yanapanda kwa mstari mmoja, kama shanga. Anaweka alama ya chaki. Anachomoa kwa koleo: waya, mwembamba, urefu wa nusu kidole, umeshika kutu.

Waya huo hautoki mbali. Tairi la lori likipasuka linaacha vipande barabarani, na ndani ya kila kipande kuna nyuzi za chuma. Magari yanavikanyaga, mpira unasagika, nyuzi zinabaki. Ndiyo maana maegesho ya malori na kando ya mizani ni mahali pa kupata pancha kuliko pengine popote. Pita katikati ya njia, usipitie pembeni.

Sasa kijana anamwuliza mama, "Niweke kamba au kiraka?" Hilo ndilo swali la maana kuliko bei. Kamba ni ule uzi mnene wenye gundi, unasukumwa kwenye tundu kutoka nje bila kulitoa tairi kwenye rimu. Dakika tano umeondoka. Kiraka kinahitaji tairi litolewe, ndani pasuguliwe mpaka mpira uwe mkavu na mkwaruzo, gundi ipakwe, isubiriwe ikauke, kiraka kibandikwe na kugongwagongwa. Ni nusu saa. Kwa mama anayetaka kufika Vwawa, kamba inatosha. Kwa anayekwenda Dar es Salaam na abiria saba, mimi ningesubiri kiraka. Kutoa tairi kuna faida nyingine pia: fundi anaona ndani. Kama uliendesha tairi likiwa limelala, ndani ya ubavu utakuta mpira umesagika unga mweusi. Tairi la namna hiyo halizibiki hata kama tundu ni dogo, kwa sababu ubavu umeshakufa.

Na ubavu ukitoboka, habari imeisha. Najua wapo wanaoshona. Nimeona mishono mizuri, nadhifu, ya kupendeza kwenye viatu. Ubavu wa tairi ndio unaokunjwa na kunyooka kila mzunguko, maelfu ya mara kila safari, hakuna uzi utakaovumilia. Ukishonewa, lifanye tairi hilo spea ya kukufikisha dukani. Fundi akikubembeleza kwamba litadumu mwaka, mshukuru, uondoke.

Mama yule akae pale pale aone. Si kwamba vijana wetu ni wezi. Ni kwamba tairi lako likitolewa ukiwa unakunywa chai ng'ambo ya barabara, hutajua kama lilikuwa na tundu moja au matatu, wala kama waya ulichomolewa au ulisukumwa ndani. Na kabla hujalipa, mwambie ateme mate kwenye valvu. Ikitoa povu, valvu nayo inavuja, na kesho ungerudi kumlaumu kwa tundu ambalo si lake.

Wale mafundi wa malori ni habari nyingine, kazi yao ni ya hatari na tunaichukulia poa. Rimu za kizamani za lori zina ringi ya chuma inayoshikilia tairi. Ikiwa haijakaa sawasawa, upepo ukiingia ringi inaruka kwa nguvu ya kuua. Fundi makini anazungushia mnyororo kabla ya kujaza, na anasimama pembeni. Ukimwona anajaza ameinamia tairi, mwambie. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie.

Nilisema nitarudi kwenye mtumba. Kila tairi lina umri wake umeandikwa ubavuni, mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT. Tafuta namba nne kwenye kiduara kirefu. Ikiwa 3519, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Muuzaji anaweza kulipaka dawa nyeusi likang'aa, kashata zikaonekana nene, kumbe lina miaka kumi na mpira umekauka. Pinda ubavu wake kidogo. Ukiona nyufa nyembamba nyembamba, liache. Na hili liangalie hata kwenye spea yako, kwa sababu spea huzeeka ikiwa imelala.

Upepo nao. Kipimo cha gari lako hakipo ubavuni mwa tairi. Kile kilichoandikwa pale ni kikomo cha tairi lenyewe. Cha gari kipo kwenye kibandiko ukifungua mlango wa dereva, mara nyingi kati ya psi 30 na 35. Pima asubuhi, gari halijatembea. Na sisi wa nyanda za juu tuna la ziada: baridi ya Juni na Julai. Joto likishuka nyuzi 10, tairi linapoteza kama psi 2 bila kutoboka popote. Aliyejaza Dar es Salaam mchana wa jua, akalala Mpemba, ataamka na matairi yaliyolegea na atadhani amewekewa misumari. Matingo wa malori wanajua. Waangalie alfajiri wanapita na chuma mkononi, wanagonga tairi moja moja. Lenye upepo linarudisha chuma kwa mlio mkavu, lililolegea linakimeza. Lililolegea likiwa la ndani, kati ya mawili yaliyopangwa pamoja, macho hayalioni. Sikio ndilo linaloliona. Likiachwa hivyo, mwenzake anabeba mzigo wa wawili, anapata moto, na huo ndio mlipuko tunaousikia njiani.

Swali linaloletwa sana kwenye simu zetu hapa studio ni la usiku. Pancha ya saa tano usiku, mvua, peke yako, ufanyeje? Jibu langu ni fupi. Usibadili tairi gizani kando ya foleni ya malori ukiwa peke yako, hata kama unajua kazi. Hazadi zako hazishindani na taa kali za lori, na wanaopita gizani si wote wema. Washa hazadi, funga milango, tambaa. Mizani ya Mpemba inafanya kazi usiku na mchana, kuna taa, kuna watu, mara nyingi kuna askari. Usiingie kwenye mstari wa kupimia, egesha pembeni ya uzio, mwambie mlinzi una shida gani, kisha toa jeki yako chini ya taa. Na kama umetokea upande wa Tunduma na mjini ni karibu zaidi, geuza urudi kwenye kituo cha mafuta. Rimu ikipinda, kesho asubuhi tutazungumza bei.